Daraja la Kigongo–Busisi linacheza lori likipita: je, ni salama?

SWALI

Mhandisi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Sengerema, nauza dagaa. Mara mbili kwa wiki navuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Juzi haisi yetu ilipata pancha katikati ya daraja, tukashushwa, tukasimama pembeni. Likapita lori refu la mzigo, nikahisi daraja linacheza chini ya miguu yangu kama mtu anatikisa kitanda. Niliogopa sana. Tena kila tukipita, tairi zinagonga kwenye vyuma vilivyokatiza barabara, na ukichungulia pale kuna mwanya. Mume wangu amenionyesha kwenye simu daraja moja la Ulaya likijipinda kama kamba mpaka likaanguka. Je, daraja letu jipya limeanza kuharibika? Nirudi kupita kivuko cha Kamanga?

JIBU

Marahaba, mama, na pole kwa hofu uliyoipata. Nianze na lile la haraka ili usiku wa leo ulale: endelea kupita darajani. Ulichokihisi ni kweli, wala hakikuwa woga wako tu. Daraja lile limekuwa likicheza hivyo tangu lilipofunguliwa Juni 19, 2025, na litaendelea kucheza hivyo miaka yote litakapokuwa zima. Nitakueleza sababu, maana neno "usiogope" peke yake halitakusaidia siku nyingine lori likipita.

Pale Mwaloni umewaona wapagazi wakishusha magunia ya dagaa kutoka kwenye boti. Kati ya boti na nchi kavu hulazwa ubao. Mtu mwenye gunia begani akifika katikati, ubao unashuka. Akishapita unapanda, unacheza mara mbili tatu, unatulia. Hakuna anayepiga kelele. Wote wanajua kwamba ubao ule hubeba kwa kupinda, na usingepinda hata kidogo usingekuwa ubao. Mhimili wa daraja ni ndugu yake. Ni wa zege, mrefu na mnene, umelazwa kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake ndipo penye lami unayopita. Uzito ukija unashuka, uzito ukiondoka unarudi.

Unashuka kiasi gani? Tuchukue mhimili wa mita 40, urefu wa kawaida kwa madaraja ya aina hii. Kanuni moja ya usanifu inayotumika sana, ya Marekani, inataka mhimili usishuke zaidi ya sehemu moja ya 800 ya urefu wake magari yakipita. Mita 40 ni milimita 40,000. Ukigawa kwa 800 unapata 50. Yaani ukomo ni sentimita 5. Mhimili wa zege uliojengwa vizuri haukaribii hapo: lori moja huushusha milimita chache, kisha unatikisika mara mbili au tatu kwa sekunde na kutulia. Hizo milimita chache ndizo ulizozihisi, kwa sababu mwili wa mtu aliyesimama wima na kutulia ni kipimo kikali kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa ndani ya haisi, tairi, springi na sponji ya kiti vinakumezea mtikisiko wote. Umevuka mara ngapi hujahisi kitu? Siku uliyoshuka hukupata daraja tofauti. Ulikosa springi tu.

Sasa, zege na ubao vinatofautiana kwa jambo moja kubwa. Zege linapenda kubanwa, halipendi kuvutwa. Likivutwa hupasuka mapema. Na mhimili ukishuka, upande wake wa chini unavutwa. Ndiyo maana ndani ya zege la kawaida tunaweka nondo, na ndani ya mihimili mirefu tunaweka kitu cha zaidi: nyaya za chuma kigumu sana, kila waya umesukwa kwa nyuzi saba, unene wake kama kidole, milimita 15 hivi. Kila waya huvutwa kwa mashine kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 20, kisha hufungwa miishoni kwa kabari. Unataka kurudi ulivyokuwa, hauwezi, kwa hiyo unabaki umelibana zege lote kwa miaka.

Ukitaka kuona kazi yake, chukua madaftari kumi ya watoto wako, yasimamishe kama yalivyo kabatini, yabane kwa viganja viwili kutoka pande mbili, uyainue. Yanapanda yote kama kipande kimoja, ingawa hakuna gundi. Hata mtu akiweka kikombe juu yake yanabeba. Ukilegeza mikono, yanamwagika. Nyaya zile ndizo viganja. Mhimili wa aina hii, kabla gari hata moja halijapita, huwa umenyanyuka kidogo katikati kwa kubanwa huko. Lori lako la mzigo liliupunguzia mnyanyuko tu. Tani 56, ambazo ndizo kikomo cha uzito wa lori na mzigo wake kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilikuwa kwenye hesabu ya msanifu tangu mwanzo, tena si lori moja bali foleni ya malori, na juu ya hapo akaongeza akiba.

Pale katikati, penye nguzo ndefu zilizochomoza juu ya barabara na kebo zilizotandazwa kama kamba za tanga, mambo yanakwenda hivyohivyo, ila mzigo unagawanywa: sehemu unabebwa na mhimili, sehemu unavutwa na kebo. Nafasi kati ya nguzo ni kubwa zaidi hapo na barabara imeinuliwa, ili vyombo vya majini vipite chini.

Nije kwenye vile vyuma na mwanya wake, maana hilo ni swali zuri kuliko ulivyodhani.

Kila kitu kikipata joto kinarefuka. Zege hurefuka kidogo sana, lakini daraja la kilomita 3 lina zege nyingi. Hesabu yake ni nyepesi: mita moja ya zege ikipanda joto kwa nyuzi 1, inarefuka sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara laki moja. Kipande cha mita 120 kikipanda nyuzi 12 kutoka alfajiri hadi alasiri, kinarefuka milimita 14 na ushee. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi wa kazi, fundi mmoja mzee alinipeleka chini ya daraja saa kumi na mbili asubuhi. Akachora kwa penseli mstari mmoja, nusu yake kwenye mhimili, nusu kwenye kichwa cha nguzo. Hakusema kitu. Saa tisa alasiri tukarudi. Ile mistari miwili haikukutana tena. Kati yake kidole changu cha shahada kilienea vizuri. Daraja lilikuwa limetembea mchana kutwa, na magari yakipita juu yake hayana habari.

Sasa fikiria kama pasingekuwa na mwanya. Mihimili ingesukumana, ikasukuma nguzo, na kitu kimoja kingepasuka. Kwa hiyo tunaacha nafasi makusudi, na juu ya nafasi hiyo tunafunga kile chuma chenye mpira ndani, ambacho mafundi wanakiita jointi, ili tairi ipite na maji yasipenye. Mlio wa tu-tu ni ekseli ya mbele na ya nyuma zikiruka pengo. Na chini kabisa, kati ya mhimili na nguzo, pamewekwa beringi. Nyingi ni pande la mpira mzito lenye mabamba membamba ya chuma ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Linabeba mamia ya tani bila kusagika, na wakati huohuo linakubali kulala upande kidogo mhimili ukirefuka. Mimi napenda sana kifaa hiki. Hakina injini, hakina mafuta, hakipigi kelele, na bila hicho daraja lingejivunja lenyewe kwa jua tu.

Kwa hiyo mama, daraja linalosogea linafanya kazi yake. Daraja linalonikosesha usingizi mimi ni lile lililoacha kusogea: mwanya umejaa mchanga ukawa mgumu kama saruji, beringi imeshikwa na kutu, mhimili unataka kwenda hauwezi.

Ile video aliyokuonyesha mumeo naijua, ila si ya Ulaya. Ni daraja la Tacoma Narrows, jimbo la Washington, Marekani, lililoanguka Novemba 7, 1940, miezi minne baada ya kufunguliwa. Lilikuwa daraja la kuning'inia kwa kebo, nafasi kati ya minara yake mita 853, na mihimili ya kuikaza barabara ilikuwa na kimo cha mita 2.4 tu. Yaani urefu ulikuwa zaidi ya mara 350 ya kimo. Utepe! Upepo wa kama kilomita 64 kwa saa ukaupata mdundo wake, utepe ukaanza kujisokota, na kila unavyojisokota upepo unausukuma zaidi. Daraja la Kigongo ni la zege zito, lina upana wa mita 28.45, na nafasi kutoka nguzo hadi nguzo ni sehemu ndogo tu ya ile ya Tacoma. Upepo wa ziwa unaweza kupindua mtumbwi chini yake, lakini hauwezi kuipindapinda mihimili ile. Mwambie baba watoto hilo asiliogope.

Akitaka daraja la kujifunzia, mimi ningempa jingine, ambalo halina video ya kutisha. Ni la Mto Mianus, mji wa Greenwich, jimbo la Connecticut, Marekani. Lilijengwa mwaka 1958, daraja refu la mihimili ya chuma, limeinuliwa mita 21 hivi juu ya mto, likibeba barabara kuu yenye magari usiku na mchana. Sehemu nyingine za mihimili yake hazikulala moja kwa moja juu ya nguzo; zilining'inizwa kwenye mihimili ya jirani kwa mabamba ya chuma na pini. Juu ya barabara palikuwa na matundu ya kutolea maji ya mvua. Miaka kama kumi kabla ya ajali, wakati wa kutengeneza barabara, matundu yale yakafunikwa kwa lami.

Matundu tu. Hakuna aliyegusa mhimili, hakuna aliyekata chuma. Lakini maji hayakosi njia. Yalipokosa tundu yakapitia kwenye jointi, yakashuka hadi kwenye pini, yakiwa na uchafu na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Chuma kikashika kutu. Na kutu, mama, si uchafu wa juu tu wa kupangusa. Hutanuka na kushika nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Kutu ile ikajaa mahali pembamba, ikasukuma bamba kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi likachomoka kwenye pini yake. Mzigo wa kona ile ukahamia kwenye bamba la pili, nalo likashindwa kuubeba. Usiku wa Juni 28, 1983, saa saba na nusu, kipande cha mita 30 kikadondoka mtoni. Magari madogo mawili na malori mawili yakaingia kwenye pengo. Watu 3 wakafa. Jimbo zima wakati huo lilikuwa na wakaguzi 12, wakitembea wawili wawili, kwa madaraja 3,425.

Daraja letu halina pini wala mabamba ya kuning'iniza ya namna ile, kwa hiyo kifo cha Mianus hakiwezi kulipata vilevile. Nakisimulia kwa sababu ya yale matundu. Watu wakiona lori kubwa wanaogopa uzito. Mimi naogopa maji yaliyokosa pa kwenda. Nyaya zile za nyuzi saba zinazolibana zege zikilowana mwaka mzima mahali pasipoonekana, hazitoi mlio, hazitikisi mtu, mpaka siku zimekwisha.

Katika hilo Mwanza tumependelewa. Ziwa letu ni maji baridi. Wenzetu wa Daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam wanapigwa na hewa ya chumvi ya bahari kila siku, na chumvi ndiyo inayopenya kwenye zege na kuichokoza nondo. Hapa hatuna chumvi, hatuna barafu ya barabarani. Adui yetu mkubwa ni mchanga na takataka, na hao tunawaleta wenyewe.

Niliwahi kukagua daraja moja la mihimili, si hili, lilipokuwa na umri wa miaka isiyofika kumi. Kwa juu lilipendeza. Nikapiga magoti kwenye ukingo nikatafuta tundu la kwanza la maji. Sikuliona. Palikuwa na nyasi zimeota. Nikachimba kwa bisibisi: udongo, mchanga wa ujenzi, gunzi la hindi, kizibo cha chupa, mfuko uliokunjamana. Nilipolivuta lile gunzi maji yakatoka kwa kishindo, meusi, yananuka, na mvua ilikuwa imenyesha siku nne nyuma. Nikashuka chini kuangalia kichwa cha nguzo. Kwenye uso wa mhimili, karibu na jointi, palikuwa na mchirizi wa rangi ya chai ya rangi, upana wa kiganja. Nikagonga pale kwa nyundo ndogo. Zege zima hulia kali, kama chungu kizima. Pale palilia bufu. Ukarabati wake uligharimu fedha nyingi, na mtu mmoja mwenye ufagio na koleo angeuzuia. Hadi leo nikikumbuka ule mlio wa bufu roho inaniuma, kwa sababu hakuna aliyefanya ubaya. Kila mtu alidhani kuzibua matundu ni kazi ya mwingine.

Ndiyo maana, mama, nakuomba unisaidie kitu ambacho wewe unakiweza kuliko mimi. Mimi napita pale kwa mwaka mara chache. Wewe unapita mara nne kwa wiki, kwenda na kurudi. Mvua ikinyesha, angalia ukingoni. Maji yakiondoka, vizuri. Ukiona dimbwi limekaa siku hadi siku mahali palepale, hilo ni habari. Malori ya mchanga yakipita bila turubai na kuacha tuta jembamba la mchanga ukingoni, hilo pia ni habari. Waambie na wenzako wa biashara wasitupe mifuko na chupa dirishani hapo juu. Zitaishia kwenye tundu au kwenye mwanya wa jointi.

Na madereva wasikwepe mizani. Uzito ukizidi kwenye ekseli, uharibifu wa barabara haupandi kwa kiasi kilekile. Ekseli iliyozidishwa kwa asilimia 20 huchosha lami takriban mara mbili ya ile halali, na jointi zinazopigwa nayo hulegea mapema.

Kuhusu Kamanga: kama mzigo wako unashukia mjini na ratiba ya kivuko inakufaa, panda, ni njia yako halali. Ila usiihame Kigongo kwa hofu. Tunaoikumbuka foleni ya pantoni pale Busisi, akina mama wamelala juu ya magunia na gari la wagonjwa likisubiri zamu, hatuwezi kuliona daraja hili kama hatari iliyokuja kuondoa usalama.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kwenye barua yako, nalo si la mhimili. Mlishushwa katikati ya daraja mkasimama pembeni. Gari likiharibika pale juu, dereva alisogeze kwenye njia ya dharura, aweke viakisi nyuma, na abiria wapande wote kwenye njia ya waenda kwa miguu, watoto wakiwa upande wa reli ya ukingo. Msikae mbele wala nyuma ya haisi kumwangalia anayefungua tairi. Lori lile halingeweza kulidhuru daraja, lakini ninyi lingewadhuru.

Mwisho, kwa kuwa sikio lako limeshazinduka, litumie. Jointi zote unazopita hulia kwa namna inayofanana: tu-tu, kavu, fupi. Siku ukisikia mojawapo imebadilika, inalia kama sufuria iliyoanguka au gari linaruka pale kuliko kwingine, ihesabu ni ya ngapi ukitokea Busisi, na ni upande wa kwenda au wa kurudi. Peleka habari hiyo ofisi ya TANROADS, wakala wa barabara, mkoa wa Mwanza. "Jointi ya sita kutoka Busisi, upande wa kwenda Mwanza, imeanza kugonga tangu Jumamosi": fundi akipata maneno kama hayo hana haja ya kutafuta, anakwenda moja kwa moja na spana yake.